Kiitaliano cha Pasaka au misemo ya kila siku: uanze na kipi?

Tulifika Perugia, mji wa Italia ya kati, wiki ileile, mimi na kijana mmoja wa Watamu, pwani ya Kenya, kusoma Kiitaliano. Mimi nimekulia karibu na Iringa, kwenye parokia iliyofunguliwa na mapadri wa Consolata kutoka Torino, kwa hiyo nilijiona nusu ya lugha ninayo tayari. Mwenzangu ni Mwislamu, na Kiitaliano chake alikiokota ufukweni akipeleka watalii kwenye matumbawe kwa mashua. Pasaka ilitukuta tukiwa na wiki sita tu za darasa. Bibi mwenye nyumba tuliyopanga, ambaye wajukuu zake walimwita nonna nasi tukaruhusiwa kufuata, akatualika chakula cha mchana cha Jumapili.

Mlangoni mwenzangu akasimama kwanza, akaita: "Permesso?" Bibi akaitikia kutoka jikoni kwa furaha: "Avanti, avanti!" Mimi nikaingia kimya kama mwizi. Mezani ikawa zamu yangu ya kung'ara. Nikazungumzia Settimana Santa (Juma Kuu), Via Crucis (Njia ya Msalaba), Veglia pasquale (mkesha wa Pasaka), mpaka mkwewe akaniuliza kama ninasomea upadri. Kisha bibi akanigeukia, kijiko kikiwa hewani: "Ancora un po' di agnello?", nikuongezee mwanakondoo kidogo? Nilikuwa nimeshiba hadi shingoni. Nikakumbuka neno nililolisikia barabarani, ambalo mimi nilidhani maana yake ni "labda", nikalitamka kwa upole wa mtu anayekataa: "Magari." Sahani ikajaa pomoni. Magari, likisemwa peke yake namna ile, ni "laiti!", ni "ningefurahi mno!" Nikamla mwanakondoo kwa mara ya tatu, sina pa kukimbilia.

Mwenzangu naye akaletewa kipande cha ciaramicola, keki ya Pasaka ya Perugia, ya rangi ya waridi, imefunikwa ute wa yai uliopigwa na sukari. Akashukuru vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi: "Grazie, troppo gentile", asante, wema wako umezidi. Keki ilikuwa imefika mdomoni nilipomgusa kiwiko. Ile rangi inatokana na alchermes, na alchermes ni pombe. Mwalimu alikuwa ametueleza Alhamisi, siku ambayo mwenzangu hakuja darasani.

Basi nikiulizwa na mtu anayejiandaa kwenda Italia, au anayefanya kazi na Waitaliano pwani, aanze na maneno ya sikukuu au misemo ya kawaida, huwa nawaona watu wawili pale mezani, kila mmoja na pengo lake.

Maneno ya Pasaka: kwa Mkatoliki ni kama bure

Mkatoliki wa Kiswahili tayari anayo sehemu kubwa ya orodha hii bila kujua. Kwaresima ni Quaresima. Altare ni altare, haibadiliki hata herufi. Novena ni novena. Misa ni Messa, paroko ni parroco, katekista ni catechista, sakramenti ni sacramento, Kalvari ni Calvario, Ekaristi ni Eucaristia. Maneno haya yametujia kwa mkondo wa Kilatini na lugha za watoto wake, na Kiitaliano ni mmoja wao. Kuyajifunza si kazi ya kukariri. Ni kama kukutana na jirani yako ugenini.

Yanayobaki kukaririwa hayazidi vidole vya mikono miwili. Mercoledì delle Ceneri ni Jumatano ya Majivu. Domenica delle Palme ni Jumapili ya Matawi, ila kanisani huko utakabidhiwa tawi la mzeituni, ulivo, badala ya mtende. Giovedì Santo na Venerdì Santo ni Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu. Ongeza digiuno (mfungo), campane (kengele), agnello (mwanakondoo) na risorto (aliyefufuka), na umeshavuka.

Ila ujue kwamba kulijua neno si kuujua mwenendo. Kwetu, Tanzania na Kenya, Ijumaa Kuu ni siku ya mapumziko. Italia sivyo: Venerdì Santo watu wako kazini, benki ziko wazi, na ukimwambia mwajiri wako kwamba hukuja kwa sababu ya sikukuu atakushangaa. Siku ya mapumziko ni Jumatatu, Lunedì dell'Angelo, ambayo kila mtu huiita Pasquetta, "Pasaka ndogo". Hiyo ndiyo siku ya kutoka nje ya mji na kuchoma nyama. Wanaiita grigliata, na mtu wa nyama choma atajisikia nyumbani kabisa, mradi mvua isinyeshe. Waitaliano huapa kwamba Pasquetta hunyesha kila mwaka.

Kwa asiye Mkristo orodha ya kanisani ni mzigo usio na lazima, na sioni sababu ya kijana wa Malindi kukesha na Veglia pasquale. Yeye ajifunze Pasaka ya jikoni, na hii ninaiweka mbele kwa makusudi. Casatiello ya Napoli ni mkate mzuri wa kutazama, mayai mazima yamekaa juu yake yakiwa yamefungwa kwa misalaba ya unga, lakini ndani yake mna strutto, mafuta ya nguruwe, na vipande vya salame, soseji kavu ya nguruwe. Torta al formaggio ya huku Umbria, mkoa wa Perugia, mkate mrefu wa jibini unaoliwa asubuhi ya Pasaka pamoja na mayai ya kuchemsha, mara nyingi nao hukandwa kwa strutto. Hata pastiera ya Napoli, yenye ngano, jibini ya ricotta na harufu ya maua ya mchungwa, unga wake wa nje kwa desturi ya zamani hutiwa strutto. Colomba, ule mkate mtamu wenye umbo la njiwa na lozi juu, hutumia siagi, burro. Kwa hiyo strutto, burro, maiale (nguruwe), liquore (pombe): maneno manne tu, na moyo unatulia. Swali lake ni "C'è lo strutto?" Hakuna atakayeudhika. Bibi wa Kiitaliano kuulizwa kilichomo kwenye mapishi yake ni kupewa heshima. Andaa dakika ishirini za kusikiliza.

Misemo ya kila siku: hapa ndipo penye jasho

Upande huu hakuna ujirani wa kukusaidia, na ndiyo maana nautaka uchukue muda wako mwingi. Tena baadhi ya maneno yamejivika sura ya Kiswahili ili yakupoteze. Magari nimeshakueleza, hayana magurudumu. Dai! halikudai chochote: ni "haya basi!", ni "acha bwana!", ni "jikaze!", kutegemea sauti. Pesa ni "ina uzito". Sera ni jioni. Na tafadhali, mkiwa wawili kwenye basi lenye watoto, usimwite mwenzako "kaka" kwa sauti. Cacca ni kinyesi, na watoto wa Kiitaliano hawana huruma.

Lakini mengine yanatufaa ajabu, kwa sababu tabia iliyo nyuma yake tunaifahamu. Permesso ni hodi. Si tafsiri ya karibu. Ndiyo hodi yenyewe, inasemwa kwenye kizingiti hata mlango ukiwa wazi na hata kama mwenyewe ndiye aliyekufungulia. Avanti ni karibu ya kuingia. Prego ni karibu ya mambo mengine yote: ya anayejibu asante, ya anayekupisha mlangoni, ya mwenye duka anayeuliza akusaidie nini. Buon appetito husemwa kabla ya uma kugusa chakula, na anayeanza kula bila kusema huonekana kama anayeanza kula wakubwa hawajanawa.

Mi raccomando huwa naichukua kama mtihani. Mama humwambia mwanawe anayeondoka, daktari humwambia mgonjwa kuhusu dawa, mwenye nyumba humwambia mpangaji kuhusu funguo. Ni "usije ukasahau", ni "nakusihi", na ndani yake mna onyo kidogo. Ukiisikia na ukaitikia "non si preoccupi" (usiwe na wasiwasi) mbele ya mkubwa, au "non ti preoccupare" kwa rika lako, utaonekana umeshakaa nchini.

Hapo tumegusa mahali ambapo orodha mbili hizi zinaachana kabisa. Neno la Pasaka halijali unamwambia nani. Colomba ni colomba mbele ya askofu na mbele ya mtoto. Msemo wa kila siku una cheo. "Usijali, si kitu" kwa rafiki ni figurati. Kwa bibi, kwa padri, kwa karani wa ofisi ya uhamiaji ni si figuri. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatupati shida kuelewa kwa nini. Shida ni kwamba kwa Mwitaliano neno la salamu peke yake halitoshi, heshima anaiingiza ndani ya kitenzi. Tu kwa rika, Lei kwa mkubwa na mgeni. Ciao ni ya tu. Yule mwenzangu, bingwa wa permesso, alimpigia paroko "Ciao, padre!" siku alipokuja kubariki nyumba, maana kabla na baada ya Pasaka mapadri hupita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya benedizione. Paroko alitabasamu. Bibi hakutabasamu. Ufukweni kila mtu ni ciao, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba buongiorno ndiyo shikamoo ya mahali hapo.

Ulimi na sarufi

Hapa Pasaka inashinda kidogo. Irabu zetu tano zinatosha, lakini mwandiko wa Kiitaliano umegeuza herufi zetu: ch husomwa k, na c mbele ya e au i husomwa ch. Chiesa (kanisa) ni "kyeza", cena (chakula cha jioni) ni "chena". Gn ni ny yetu: agnello ni "anyello", na ukiisoma bila ny inakuwa anello, pete, nawe utakuwa umeomba pete ya kuchoma na viazi. Konsonanti mbili ni lazima zikaliwe: sete ni kiu, sette ni saba. Orodha fupi ya Pasaka inakupa mazoezi yote haya kwa maneno ambayo unaweza kuyashika na kuyala.

Inakupa na jinsia za maneno. Pasqua ni ya kike, kwa hiyo Buona Pasqua; Natale ni ya kiume, Buon Natale. Yai ni la kiume likiwa moja, l'uovo, na la kike yakiwa mengi, le uova. Wanafunzi wa Kijerumani na Kiingereza darasani kwetu walilalamika wiki nzima. Sisi tuliozoea "vitabu vizuri viwili vimeanguka" tulishangaa kinacholalamikiwa ni nini; ngeli mbili tu?

Upande wa vitenzi hali ni kinyume. Unaweza kuyajua maneno hamsini ya Juma Kuu bila kuweza kuunganisha sentensi moja, na mimi ni shahidi.

Yanapokutana

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulisahau, nalo ndilo ninalolipenda: misemo ya kila siku inayotumia maneno ya Pasaka na ya kanisani. Contento come una Pasqua ni mtu mwenye furaha tele, hata iwe Novemba. Lungo come la Quaresima ni kitu au mtu asiyeisha. È un calvario husemwa kuhusu foleni ya kibali cha kuishi nchini, na wanaosema hivyo hawatii chumvi. Lavarsene le mani ni kunawa mikono kama Pilato. Cercare il pelo nell'uovo, kutafuta unywele ndani ya yai, ni kumtafutia mtu kosa kwa udi na uvumba. Rompere le uova nel paniere, kumvunjia mtu mayai kikapuni, ni kumharibia mpango wake. Ogni morte di papa, "kila anapokufa papa", ni mara chache mno, kama ambavyo baadhi yetu tunapiga simu nyumbani.

Le pulizie di Pasqua si ibada. Ni usafi mkubwa wa nyumba wa majira hayo, mapazia chini, vioo, nyuma ya kabati. Ukienda kufanya kazi za ndani au kulea wazee, ukaitwa colf au badante, neno hili litakufikia kabla ya colomba, na ni vizuri kulielewa siku ya kupatana mshahara.

Na kuna ule wa Natale con i tuoi, Pasqua con chi vuoi: Krismasi na wa kwenu, Pasaka na umtakaye. Huu huweza kutumika kumwalika mgeni. Ukiambiwa, huenda umealikwa, usiuchukulie kama methali ya kupendeza ukaondoka zako.

Papa Fransisko alikuwa mwalimu mzuri wa mchanganyiko huu. Jioni aliyochaguliwa, 13 Machi 2013, kabla ya baraka yoyote alisema "Fratelli e sorelle, buonasera", salamu ya mtu anayekutana na majirani. Jumapili baada ya sala ya Angelus alikuwa akiwatakia watu buon pranzo, mlo mwema wa mchana. Tarehe 20 Aprili 2025, akiwa dhaifu juu ya roshani, aliwatakia Buona Pasqua. Kesho yake, siku ya Pasquetta, akafariki.

Basi uchague vipi

Mtawa, mseminari au padri anayekwenda Roma: misemo, na wiki ya mwisho tu ya maandalizi uigawie Pasaka. Ninajua ushauri huu unakwenda kinyume cha wanavyofanya wengi, maana kila mmoja hupenda kuanza na alichokipenda. Lakini Quaresima utaielewa hata usiku wa manane, na hutakuwa kwenye altare saa ishirini na nne. Utakuwa dukani, kwenye basi, hospitalini. Anza na Lei.

Mfanyakazi wa hoteli au mwongozaji watalii wa Malindi, Watamu au Kiwengwa kule Zanzibar: pwani ya Kenya Waitaliano wamekuwapo tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia roketi baharini pale Ngomeni, na watu wengi wa huko wanazo dai, boh ("sijui") na figurati tangu utotoni. Kwako Pasaka ndiyo yenye faida. Wageni wa mwisho wa msimu huwa mezani wakati huo, masika yakinukia. Jifunze Buona Pasqua, jibu lake altrettanto ("nawe pia"), na tanti auguri, ambayo ni heri ya Pasaka, ya Krismasi, ya siku ya kuzaliwa na ya harusi. Uovo di cioccolato lina zawadi ndani, la sorpresa. Ukimpelekea mtoto lake umemaliza. Kisha rudi nyuma ukajifunze Lei, maana ndilo pengo la ufukweni.

Anayekwenda kulea mzee au kufanya kazi nyumbani mwa watu: misemo, bila mjadala, pamoja na mi raccomando na pulizie di Pasqua.

Mwanafunzi wa chuo, tazama kalenda. Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Ikiwahi, kama 31 Machi 2024, wanaiita Pasqua bassa, ya chini, na ikichelewa, kama 20 Aprili 2025, ni Pasqua alta, ya juu. (Kuuliza kama mwaka huu ni alta au bassa ni mazungumzo salama kwenye lifti.) Ukifika zikiwa zimebaki wiki sita au pungufu, changanya: asubuhi neno moja la Pasaka, jioni msemo mmoja, kwa sababu madirisha ya maduka yatakufundisha Pasaka bila malipo. Ukifika Septemba, acha kabisa. Maneno ya Pasaka usiyoyatumia miezi saba hutoroka, na itabidi uyafukuze upya.

Vyovyote utakavyochagua, chukua nilichokikosa mimi. Chakula kikizidi, funika sahani kwa kiganja na useme "Sono a posto così, grazie, era tutto buonissimo", yaani nimetosheka, asante, kila kitu kilikuwa kitamu sana. Rafiki atakuelewa mara moja. Nonna atakuongezea kijiko kimoja juu ya vidole.